Kenya: Mwajiriwa, kibarua na mfanyakazi wa mkataba mbele ya dirisha la hospitali

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hati ya mshahara ya kila mfanyakazi nchini Kenya ina mstari mpya wa makato. Asilimia 2.75 ya mshahara ghafi hukatwa kila mwezi na kupelekwa katika Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha SHIF, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Makato hayo ndiyo yaliyochukua nafasi ya yale ya NHIF, mfuko uliowahudumia Wakenya kwa miaka 58.

Mjadala uliofuata umezungumzia zaidi ukubwa wa makato. Limezungumzwa kidogo sana swali la wale wasio na hati ya mshahara wa kukatwa: kibarua wa kiwanda, mlinzi aliyeletwa na wakala, mhandisi mshauri anayetoa ankara kila mwisho wa mwezi, dereva wa bodaboda anayepokea kazi kupitia programu ya simu. Baadhi yao hukaa meza moja na waajiriwa wa kudumu, hufika na kuondoka saa zile zile na hupokea maagizo kutoka kwa msimamizi yule yule. Tofauti kati yao huonekana siku mmoja wao anapougua.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili si la mbali. Nasi tumeshatunga sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ya mwaka 2023, na wapo Watanzania wengi wanaofanya kazi ng'ambo ya Namanga, Holili na Horohoro, wengine kwa ajira kamili na wengine kwa mikataba ya miezi michache.

Mfuko uliozaliwa kwa ajili ya wenye mishahara

NHIF ilianzishwa mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru wa Kenya. Hapo mwanzo iliwahusu wafanyakazi waliolipwa zaidi ya shilingi 1,000 kwa mwezi, kiwango kilichowaacha nje wengi wa wafanyakazi wa wakati ule. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wanaochangia kwa hiari, na mwaka 1998 sheria mpya iliufanya mfuko huo kuwa shirika linalojitegemea. Hata hivyo moyo wake haukubadilika. Ulikuwa mfuko wa waajiriwa, ambao watu wengine waliruhusiwa kujiunga nao.

Hali hiyo inaonekana katika takwimu. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ni takriban mtu mmoja tu kati ya wanne nchini humo aliyekuwa na bima ya afya ya aina yoyote, ya umma au ya binafsi. Wakati huohuo, zaidi ya asilimia 80 ya ajira zote zimo katika sekta isiyo rasmi, ambayo Wakenya wenyewe huiita jua kali. Nambari hizi mbili zikiwekwa pamoja, zinaeleza kwa nini serikali iliona haja ya kuanza upya.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini na Rais William Ruto mwezi Oktoba 2023, pamoja na sheria nyingine za afya. Safari yake haikuwa nyepesi. Mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria hizo zinakiuka Katiba, hasa kwa sababu ya ushirikishwaji hafifu wa wananchi katika kuzitunga. Miezi miwili baadaye Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na Oktoba mfumo ukaanza kazi, ukiwa na mifuko mitatu badala ya mmoja. Wa kwanza hugharamia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, na fedha zake hutoka serikalini. Wa pili ndio SHIF, ambao hutokana na michango ya wananchi na hulipia kulazwa, uzazi, upasuaji na mengineyo. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, ambao huingia pale fao la SHIF linapokwisha.

Nani hulipa nini

Chini ya NHIF, aliyepokea shilingi 50,000 kwa mwezi alichangia 1,200, na aliyepokea 100,000 au zaidi alichangia 1,700 tu, hata kama mshahara wake ulikuwa nusu milioni. Sasa hakuna ukomo. Wa 50,000 hukatwa 1,375, wa 100,000 hukatwa 2,750, na wa 500,000 hukatwa 13,750. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Kuna jambo moja ambalo Mtanzania aliyezoea utaratibu wa hapa nyumbani huenda asilitarajie. Mwajiri wa Kenya hachangii chochote katika SHIF. Huchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na huweka asilimia 1.5 yake kando ya asilimia 1.5 ya mfanyakazi katika tozo ya nyumba za gharama nafuu. Lakini katika afya kazi yake ni kukata na kuwasilisha, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Katika NHIF ya Tanzania, kwa kulinganisha, mtumishi hutoa asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. Nchini Rwanda mpango wa matibabu wa wafanyakazi, unaosimamiwa na bodi ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo, hugawanya asilimia 15 ya mshahara wa msingi nusu kwa nusu. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Muswada wake ulipitishwa na Bunge mwaka 2021 lakini haukupata saini ya rais, na mgonjwa wa kawaida hutegemea hospitali za umma, ambazo ziliondolewa ada mwaka 2001, au mfuko wake mwenyewe.

Kwa hiyo, ukimtazama mwajiri wa Kenya kwa jicho la mhasibu, SHIF haimgharimu kitu zaidi ya karatasi. Hili lina matokeo mawili. Upande mmoja, halimpi sababu ya kumkwepa mwajiriwa na kumchukua mtu wa mkataba kwa kukimbia mchango wa afya. Upande wa pili, mwajiri hana hisa katika ubora wa mfumo wa umma, na akitaka wafanyakazi wake watibiwe vizuri hununua bima ya binafsi kwa fedha nyingine. Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya wafanyakazi huanzia, kwa kuwa bima hiyo ya pili huwafikia wale tu ambao kampuni inawahesabu kuwa wake.

Jina lililoandikwa kwenye mkataba

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haimwachi mwajiri huru kabisa. Kifungu cha 34 kinamtaka ahakikishe kwamba mwajiriwa anapata dawa zinazofaa anapougua, na matibabu ikiwezekana pale ugonjwa unapokuwa mzito. Wajibu huo hulegea ikiwa matibabu yanatolewa bure na serikali au yanalipiwa na bima. Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini likizo ya ugonjwa ya angalau siku 7 kwa malipo kamili na siku 7 nyingine kwa nusu malipo. Aidha, Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, pia ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya kuwafidia wanaoumia wakiwa kazini.

Yote hayo yanamhusu mwajiriwa. Anayeuza huduma kwa jina lake mwenyewe, yule ambaye sheria humwona kama mfanyabiashara aliyekodiwa, hayamhusu. Malipo yake hukatwa kodi ya zuio, asilimia 5 kwa kazi za kitaalamu, lakini hakuna anayemkatia SHIF wala anayemwekea siku za kuugua. Akivunjika mguu kwenye jengo la mteja wake, itambidi athibitishe uzembe wa mtu fulani mahakamani, wakati mwenzake mwajiriwa anajaza fomu ya fidia.

Kati ya hawa wawili yumo kibarua. Sheria humtafsiri kuwa mtu anayelipwa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Katika uhalisia wapo vibarua walioingia lango la kiwanda kile kile kwa miaka. Kwa ajili yao kipo kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika ndani ya jumla ya miezi mitatu, mkataba wake hugeuka kuwa wa kila mwezi na haki za mwajiriwa humfikia. Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini imezoea kesi za namna hii, na majaji hutazama uhusiano wenyewe kuliko jina lililoandikwa juu ya karatasi: nani anapanga saa za kazi, nani anatoa vifaa, nani anaweza kumwadhibu mfanyakazi, na kama mfanyakazi huyo yuko huru kuwatumikia wengine.

Lakini kesi huja baada ya ugonjwa, wala si kabla yake. Mtu aliyelazwa leo hana faida na hukumu itakayotolewa baada ya miaka miwili. Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi, kifungu cha 37 ni kinga nzuri ya kiinua mgongo na ni kinga dhaifu ya matibabu.

Aina ya nne ndiyo inayokua kwa kasi mijini. Ni mfanyakazi wa wakala: mlinzi, mfanya usafi, mhudumu wa simu, wakati mwingine hata karani wa benki. Yeye ni mwajiriwa kamili, isipokuwa mwajiri wake si yule anayemwona kila siku. Wakala humkatia SHIF kama sheria inavyotaka. Bima ya binafsi ya kampuni anakofanyia kazi haimhusu, na mawakala wengi hushindania zabuni kwa bei ya chini, hivyo bima ya ziada huwa jambo la kwanza kuondolewa kwenye hesabu. Hivyo, katika ofisi moja, meneja akiumwa jino huenda kwa daktari wa Upper Hill, na mlinzi aliyemfungulia lango huenda kwenye foleni ya kituo cha afya. Wote wawili ni waajiriwa mbele ya sheria.

Bima ya umma hununua nini, na ya binafsi nini

Hospitali za Kenya hupangwa kwa ngazi. Ngazi ya 2 ni zahanati na ya 3 ni kituo cha afya. Ya 4 na ya 5 ni hospitali za kaunti, na ya 6 ni zile kuu za rufaa kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret. Hospitali binafsi na za mashirika ya dini hupangwa vivyo hivyo. Tangu Katiba ya mwaka 2010 sehemu kubwa ya huduma za afya iko mikononi mwa kaunti 47, wakati hospitali za ngazi ya 6 zimebaki na serikali kuu.

Aliyejisajili SHA anaweza kutibiwa ugonjwa wa kawaida katika zahanati na vituo vya afya vilivyoingia mkataba bila kulipa, hata kama hajachangia SHIF. Huo ni unafuu wa kweli kwa kibarua na kwa mama mboga, na haukuwepo hivyo zamani. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa kati, kinyume chake, lilikuwa pigo. Chini ya NHIF alichagua kituo cha matibabu ya nje, mara nyingi cha binafsi kilicho karibu na kazini au nyumbani, na alikwisha kukizoea.

Kulazwa ni habari nyingine. Hapo mchango lazima uwe hai. Katika viwango vilivyochapishwa wakati mfumo unaanza, SHIF hulipa kwa kila siku ya kitanda shilingi 3,360 katika hospitali ya ngazi ya 4, 3,920 katika ngazi ya 5 na 4,480 katika ngazi ya 6. Chumba cha wagonjwa mahututi hulipiwa 28,000 kwa siku. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Kwa saratani, kaya moja ilitengewa 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu.

Katika hospitali ya umma fedha hizo hukaribia gharama au huzimaliza kabisa, ilimradi dawa ziwepo. Zikikosekana, ndugu wa mgonjwa hupewa karatasi na kuelekezwa duka la nje, na kile alicholipiwa kitandani hukilipa upya dukani. Katika hospitali kubwa ya binafsi mambo hugeuka: kiasi cha SHA huondolewa kwanza kwenye bili, na kilichobaki, ambacho aghalabu ndicho kikubwa, hulipwa na bima ya binafsi au na mgonjwa mwenyewe. Ndiyo sababu kampuni za bima huwataka wanachama wao wawe wachangiaji hai wa SHA. Asiye hai hujikuta akidaiwa mfukoni sehemu ambayo mfuko wa umma ungeilipa. Na kwa kuwa SHIF ni ya lazima, kuwa na bima ya binafsi hakumwondolei mtu makato.

Bima ya binafsi ya kundi, ile inayonunuliwa na mwajiri, hugawanywa kwa mafungu: kulazwa kwa kiwango fulani cha juu kwa mwaka, matibabu ya nje kwa kiwango kingine, na mafungu madogo ya uzazi, meno na macho. Nguvu yake iko katika neno kundi. Kwa kuwa hatari husambazwa kwa watu wengi, kampuni ya bima hukubali kumpokea mwenye kisukari au shinikizo la damu bila maswali mengi. Mtu mmoja mmoja akienda kununua bima ya namna hiyo hujaza dodoso la afya, husubiri miezi kadhaa kabla ya baadhi ya mafao kuanza, na ugonjwa aliokuja nao ama hutengwa ama huwekewa kiwango kidogo. Mshauri mwenye miaka 50 anayelipwa vizuri kuliko mwajiriwa aliye jirani yake anaweza kununua gari jipya kwa urahisi zaidi kuliko anavyoweza kununua bima inayofanana na ya jirani huyo. Sheria ya kodi humpa nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Ni msaada, lakini haupunguzi orodha ya magonjwa yaliyotengwa.

Serikali nayo, kama mwajiri, hutenganisha watu wake. Tangu mwaka 2012 watumishi wa umma walipata mpango mpana kuliko wa mwananchi wa kawaida ndani ya NHIF ile ile, na utaratibu huo wa mfuko maalumu umeendelea chini ya SHA. Kwa hiyo hata ndani ya bima ya umma kuna vyumba viwili.

Mwaka mzima kwa mkupuo

Tumchukue mtu wa kufikirika: fundi wa mitandao ya kompyuta jijini Nairobi, anayefanya kazi kwa mikataba na kupata kwa wastani shilingi 60,000 kwa mwezi. Angekuwa mwajiriwa angekatwa 1,650 kila mwezi, bila hata kukumbuka. Kwa kuwa hana mwajiri, sheria inataka kaya yake ikadiriwe kipato kwa dodoso, kisha alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kipato chake kikikadiriwa sawasawa, atatakiwa kutoa 19,800 kabla hajaugua. Jumla ya mwaka ni ile ile, lakini mwajiriwa huitoa kwa vipande 12 ilhali fundi huyu huitoa kwa siku moja, na huenda siku hiyo ikawa katikati ya mkataba uliokwisha na mwingine ambao haujaanza.

Dodoso lenyewe linastahili kutazamwa. Huuliza nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, chakula hupikwa kwa kuni au kwa gesi, kaya ina mali gani. Kutokana na majibu, mfumo hukisia kipato. Mbinu hii hutumiwa katika nchi nyingi kuwatambua maskini wa kudumu, na kwa kazi hiyo si mbaya. Kwa mtu wa mikataba haifai sana. Nyumba ya matofali, jiko la gesi na televisheni ni mabaki ya miezi ya neema. Hazisemi chochote kuhusu miezi minne aliyokaa bila ankara. Mwajiriwa hupimwa kwa mshahara wa mwezi huu, naye hupimwa kwa vitu alivyonunua miaka mitatu iliyopita.

Serikali ililitambua tatizo la mkupuo, na mwaka 2025 ikazindua mpango ulioitwa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha aliye nje ya ajira rasmi kugharamiwa mchango wa mwaka kisha akaurejesha kidogo kidogo. Ni hatua nzuri, ingawa ni mkopo.

Panapouma zaidi ni uzazi. Kuanzia mwaka 2013 wanawake wa Kenya walijifungua bila malipo katika vituo vya umma, na baadaye chini ya mpango uitwao Linda Mama mjamzito alisajiliwa bila kudaiwa mchango wowote. Katika mfumo mpya kujifungua kumeingizwa ndani ya SHIF, na SHIF ni ya waliochangia. Mke wa mwajiriwa hana la kuhofia, maana makato ya mumewe, au yake mwenyewe, yanamfunika. Mke wa kibarua anayekaribia siku zake ni lazima kaya yake iwe imelipa mwaka mzima. La sivyo bili ni yake. Nchi hiyo inaijua historia ya jambo hili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia katika hospitali ya Pumwani wanawake waliojifungua na kushindwa kulipa kulikiuka haki zao. Katiba, katika ibara ya 43, inatamka pia kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haijasema kwamba hatadaiwa baadaye.

Migomo, madeni na wanaosimama kaunta

Swali la umma au binafsi hujibiwa na matukio pia. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na tena kwa siku 56 mwaka 2024. Katika siku hizo mwenye bima ya kampuni aliendelea kutibiwa, na asiye nayo alikimbilia hospitali za misheni au alibaki nyumbani. Kwa upande wa pili, hospitali binafsi, hasa ndogo za miji ya kaunti, zimelalamika mara kwa mara kwamba mfuko wa umma unachelewa kuzilipa, na chama chao, RUPHA, kimewahi kutangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa SHA hadi madeni yapungue. Wanaotegemea hospitali hizo ndogo si matajiri. Ni walimu wa shule za binafsi, wauza duka na mafundi, na kwao kadi iliyokataliwa kaunta ni sawa na kutokuwa na kadi.

Mtanzania anayevuka mpaka kufanya kazi ana utaratibu wake. Sheria ya mwaka 2023 inamtaka mgeni atakayekaa Kenya kwa muda usiofika miezi 12 awe na bima ya afya ya safari, na mgeni mkaazi wa muda mrefu zaidi hujisajili SHA. Mwenye ajira rasmi hukatwa kama Mkenya. Mwenye mkataba wa miezi sita wa kujenga au kufundisha hana budi kuuliza kabla ya kutia saini nani analipia bima hiyo, kwa kuwa NHIF ya Tanzania haitambuliwi katika dirisha la hospitali ya Nairobi. Aulize pia kama bima ya kampuni, kama ipo, inawahusu wategemezi waliobaki Moshi au Tanga. Mara nyingi haiwahusu.

Jambo la mwisho linawahusu watoa huduma wenyewe. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Kenya iliajiri maelfu ya wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara kwa mikataba ya muda, chini ya mpango uleule wa Afya kwa Wote. Mikataba iliongezwa mara kwa mara bila kugeuzwa ajira ya kudumu, na mwaka 2025 wengi wao walikesha kwa wiki kadhaa nje ya Wizara ya Afya jijini Nairobi wakidai masharti sawa na wenzao. Mwezi Septemba mwaka huo walihamishiwa katika serikali za kaunti, ambako mazungumzo ya mishahara, malimbikizo na kiinua mgongo chao yaliendelea.